Kiswahili cha Mahakamani Si Kile cha Kijiweni

Kuna imani imeota mizizi kwamba sheria ikiandikwa kwa Kiswahili, mwananchi ataielewa. Ilipata nguvu zaidi mwaka 2021, Bunge la Tanzania liliporekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Marekebisho yale nayaunga mkono kwa mikono miwili. Imani ile siiungi mkono hata kidogo.

Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili miaka nenda rudi. Kasimame nje siku ya uamuzi, uwaulize wanaotoka humo wameamuliwa nini. Hutakosa wa kukwambia ameshinda, kumbe shauri limeondolewa tu kwa kasoro na mwenzake anaweza kulifungua upya.

Neno la Kilatini halimdhuru mtu sana, maana akilisikia anashtuka na kuuliza. Linalomdhuru ni lile analolijua tangu utotoni. Mkurugenzi wa Mashtaka akiiambia mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa anaachiwa. Kuachiwa huko hakumkingi asishtakiwe tena kwa tuhuma zilezile, masharti ya sheria yakitimia. Aliyeonekana hana hatia baada ya ushahidi kusikilizwa, yeye kesi yake imekwisha, labda upande wa mashtaka ukate rufaa. Magazeti yetu yanawaandika wote wawili "aachiwa huru", na ukoo unachinja mbuzi.

Lakini balaa lenyewe ni "mdhamini". Mtaani, mdhamini ni mtu wa heshima anayemsemea mwenzake. Shemeji anaomba mkopo, unakwenda kuweka sahihi ili aaminiwe, mnakunywa soda, mnarudi nyumbani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema dhima ya mdhamini ni sawa na ya mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba ueleze vinginevyo. Shemeji akiyeyuka, deni ni lako, lote. Mdhamini wa mshtakiwa naye ana mzigo wake: mtu wake asipotokea, ataitwa yeye ajieleze kuhusu fedha za bondi. Kisha ukigeukia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, unaambiwa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Hapo hakuna deni wala kesi; ni mtu aliyekabidhiwa mali aitunze kwa niaba ya wengine. Neno ni moja, mizigo ni mitatu, na hakuna mtoto wa shule asiyelijua neno hilo.

Vyuo vyetu navyo vina lao. Mwanafunzi wa sheria anakariri Kilatini cha mtihani, halafu mjomba akimuuliza kama anaweza kupoteza shamba kwa sahihi aliyoweka, anaanza kutoa fasili.

Mahakimu, mkimaliza kusoma uamuzi, ongezeni sentensi moja: huyu kuanzia leo anaweza kufanyiwa nini, na ana siku ngapi za kukata rufaa. Nawe msomaji, ukiletewa karatasi usaini, usiishie kuuliza neno fulani lina maana gani. Uliza mambo yakiharibika atafuatwa nani, na atanyang'anywa nini.