Kumhamisha Mlevi Si Kumponya

Mwalimu akiingia darasani akinuka pombe kwa mara ya kwanza, huonywa faraghani. Akirudia, huandikiwa barua. Akiendelea, mara nyingi huhamishiwa shule nyingine, na shule anayoiacha hushusha pumzi kana kwamba shauri limekwisha. Kumbe limehama tu. Watoto wa shule ya pili nao hukosa masomo, na mwalimu mwenyewe huzidi kudhoofu, mbali na ndugu na marafiki. Katika ofisi za umma hali ni hiyo hiyo: karani aliyekuwa hodari hugeuka mzigo, na wenzake humfichia mpaka siku anapofukuzwa au kuzikwa.

Hapana budi ikubaliwe kwamba pombe iliyokwisha kumtawala mtu ni maradhi. Haiondolewi kwa matusi, wala kwa barua, wala kwa uhamisho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 ulimwenguni. Janga la ukubwa huo lahitaji tiba, na sehemu moja ya tiba hiyo, ambayo hapa nchini haijapewa uzito unaostahili, ni kikundi cha kusaidiana cha watu waliopatwa na msiba huo huo.

Asili ya vikundi hivyo inafundisha mengi. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alijikuta peke yake katika mji wa Akron, Marekani, shughuli iliyompeleka huko ikiwa imeharibika. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, na baa ya hoteli ilikuwa ikimvuta. Badala ya kuingia, alishika simu akaanza kuulizia mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa Robert Smith, daktari mpasuaji ambaye pombe ilikuwa ikimmaliza. Mazungumzo ya watu hao wawili ndiyo yaliyozaa Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina. Yafaa ikumbukwe kwamba daktari huyo alianguka tena mara moja kabla ya kuacha kabisa mwezi Juni mwaka ule, na mwenzake hakumtupa.

Utaratibu wa mikutano ni rahisi. Hakuna ada, na sharti la kuingia ni moja tu: nia ya kuacha pombe. Watu huitana kwa jina la kwanza. Anayetaka husimulia yaliyompata, wengine husikiliza bila kumhukumu, na yaliyosemwa hayatoki nje. Mgeni hapewi kiapo cha maisha; huambiwa ajizuie kwa leo. Hupata pia mwenzake mwenye uzoefu wa kumwita saa ya hatari inapofika, kama jioni ya siku ya mshahara. Ingawa Mungu hutajwa, kikundi hakifungamani na dhehebu lolote.

Je, mambo haya yanafaa kweli? Mwaka 2020, uchambuzi wa taasisi ya Cochrane ulikusanya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Ulionyesha kwamba mpango mzuri wa kuwaongoza wagonjwa hadi kwenye vikundi hivyo ulisaidia wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nao.

Wapo watakaosema kwamba mtumishi atapata aibu akionekana huko. Lakini mtu huyo amekwisha kuonekana akipepesuka mbele ya wanafunzi wake. Aibu ipi imebaki? Wengine watadai kwamba huku ni kulegeza nidhamu. Sivyo. Kanuni za kazi zibaki pale pale. Ila barua ya onyo iandamane na njia ya kupona, la sivyo ni hukumu tu.

Tahadhari moja ni lazima. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikatiza ghafla aweza kutetemeka, kuweweseka, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Huyo aanzie hospitali, na kikundi kifuate. Aidha, ni kweli kwamba vikundi vinavyokutana katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi viko mbali na mwalimu wa kijijini. Lakini ipo mikutano inayofanyika kwa simu na intaneti, na waganga wa magonjwa ya akili katika hospitali kubwa waweza kuulizwa. Pasipokuwa na chochote, watu wawili wenye nia moja wanatosha kuanza, kama walivyotosha kule Akron.

Wajibu wa walimu wakuu na wakuu wa idara uko wazi. Wamwite mgonjwa mapema, wamwambie ukweli bila kumdhalilisha, wampe nafasi ya kwenda hospitali na mkutanoni, na wamtunzie siri yake. Akianguka, ahimizwe kurudi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na kilio cha mwalimu aliyeangamia kwa pombe hakiishii nyumbani kwake, bali hufika katika kila darasa aliloliacha bila somo.