Je, Chuma Chaweza Kuzaa?

Wahenga walinena kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Waliwazungumzia viumbe hai, chuma hawakukitaja. Je, yawezekana mashine ikaunda mashine nyingine mfano wake, nayo ikafanya kazi na kuunda nyingine? Maoni yangu ni kwamba swali hili limejibiwa nusu, na nusu zote mbili zatuhusu sisi wanafunzi wa lugha na fasihi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1948, mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, alilitolea mhadhara suala hili. Ugumu wake ni bayana. Ili mashine ijiunde upya, sharti iwe na maelezo ya umbo lake. Lakini maelezo hayo nayo ni sehemu ya mashine. Basi yanahitaji kuelezwa, na maelezo ya maelezo vilevile, bila kikomo. Von Neumann alilifumbua fumbo hili kwa kulitumia andiko moja kwa njia mbili: kwanza, lisomwe na kutekelezwa kama maagizo, pili, linakiliwe herufi kwa herufi bila kufasiriwa, kisha nakala ikabidhiwe mashine mpya.

Tofauti hii si ngeni kwetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu alikuwa mnakili wa tenzi na mshairi pia. Kunakili ni kuhifadhi herufi; kusoma ni kuzipa maana. Hata chembe hai hufanya hivyo hivyo. Baada ya Watson na Crick kueleza muundo wa DNA mwaka 1953, ilikuja kudhihirika kwamba andiko hilo hunakiliwa chembe inapogawanyika, na husomwa protini zinapoundwa. Kimantiki, basi, hakuna kizuizi.

Kizuizi kipo katika mali ghafi. Mradi wa RepRap, ulioasisiwa na Adrian Bowyer katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, mwaka 2005, ulibuni printa ya vipimo vitatu iwezayo kuchapa sehemu nyingi za plastiki za printa nyingine ya aina yake. Mwaka 2008 mashine-mtoto ya kwanza ilikamilika. Hata hivyo, mota, vyuma na saketi za elektroniki zilinunuliwa, na mkono wa binadamu ndio uliounganisha vyote.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ushahidi wa kushindwa. Sikubaliani nao kikamilifu. Hakuna kiumbe ajizalishaye kwa mikono mitupu. Mama mjamzito naye hula alichokiotesha mkulima. Tofauti ni kwamba mmea hujipatia mahitaji yake udongoni, majini na hewani, ilhali printa ile huyapata dukani, na nyuma ya duka kuna migodi, viwanda na jasho la watu wengi. Kwa hivyo, swali la haki si "je, yaweza?" bali "yaweza kwa kutegemea nini?" Siioni kanuni ya maumbile inayokataza mashine kuanzia mawe ya madini hadi mota na saketi. Ninachokiona ni safari ndefu ambayo bado haijakamilishwa.

Hapa ndipo wanaisimu tunapopaswa kusikika. Kiambishi -ji- ni kidogo, lakini kinabeba dai zito: kwamba mtenda ndiye mtendwa. Tukisema printa ile "imejiunda", tunamfuta kwa silabi moja mchimba madini na fundi aliyekaza skrubu. Napendekeza tuseme programu ya kompyuta itoayo andiko lake lenyewe "inajinakili", kwani hilo hutendeka kweli. Nayo printa ya Bath "inachapa sehemu zake". Kitenzi "kujiunda" tukiweke akiba hadi ipatikane mashine itakayokistahili. Istilahi zikitungwa ovyo leo, wajao baada yetu watarithi uongo uliokwisha kuwa msamiati.