Elfu Mbili ya Shosho Isichezewe



Kila mara pesa za Inua Jamii zikiingia, mitandaoni huanza maneno yale yale. Eti serikali inagawa pesa za bure. Eti wazee wanapewa elfu mbili wakanywe busaa. Eti afadhali hiyo pesa ingepewa vijana wafungue biashara. Na wengi wanaoandika hivyo wako mjini, huku shosho yao yuko Kuresoi au Subukia akichukua sukari dukani kwa deni. Leo tuongee hii maneno vizuri.

Kwanza tuelewane ni pesa gani. Serikali ilianza kuwapa wazee maskini pesa taslimu tangu miaka ya 2000, kwa majaribio, wilaya chache tu. Mwaka 2018 mlango ukafunguliwa kwa upana: kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na hapokei pensheni anastahili, bila kuulizwa kama nyumba yake ni ya udongo au ya mawe. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Basi.

Sasa jiulize, wazee wa huku kwetu ni akina nani? Kuna waliokata mkonge Rongai na Mogotio tangu wakiwa wasichana na wavulana. Kuna waliochuma pareto Molo mpaka zao lenyewe likaanguka. Kuna waliofanya kibarua kwenye mashamba ya maua Naivasha, leo kuna kazi, kesho hakuna. Mtu amefanya kazi miaka thelathini, analipwa kwa siku, halafu mgongo ukikataa anaambiwa asante, nenda nyumbani. Hakuna pensheni, hakuna barua, hakuna kiinua mgongo. Kwa mtu kama huyo, elfu mbili ndiyo pensheni ya maisha yake yote. Kuiita pesa ya bure ni kumtukana.

Hiyo elfu mbili inafanya nini? Mimi huzunguka vijijini kwa kazi ya kuwasaidia wazee na mambo ya usajili, na kitu cha kwanza ninachokiona ni pale dukani. Mzee asiye na kipato chochote hakopeshwi. Mwenye duka si mbaya, naye ana familia. Lakini akijua huyu nyanya ana pesa inayokuja, anafungua daftari: unga, chumvi, sabuni, majani chai. Mwisho wa mwezi deni linalipwa, daftari linafunguliwa tena. Kwa hivyo ile elfu mbili inakula chakula hata kabla haijafika. Dawa ya presha inanunuliwa bila kumpigia kila mtoto simu kuomba. Mjukuu anapata kalamu na soksi za shule. Kuku wawili wananunuliwa, wanakuwa sita.

Na kuna jambo ambalo huwezi kulihesabu kwa shilingi. Mzee anayeomba kila kitu hunyamaza. Hasemi chochote kwenye kikao cha familia, anaogopa kuonekana mzigo. Akiwa na chake, hata kidogo, anasema. Anachanga kwenye harambee ya jirani. Anaamua mwenyewe leo ale nini. Sisi vijana tunajua vizuri jinsi kukosa pesa kunavyokufanya uongee kwa sauti ya chini. Sasa fikiria hali hiyo ukiwa na miaka 76.

Kuhusu pombe, tuache porojo. Utafiti mkubwa ulifanywa Rarieda, kaunti ya Siaya, na shirika la GiveDirectly likagawa pesa taslimu kwa familia maskini. Matokeo yaliyochapishwa 2016 hayakuonyesha matumizi ya pombe na sigara kupanda. Utafiti mwingine wa huko Siaya ulichapishwa 2022. Familia zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na uchumi wa eneo lile ukakua kwa karibu mara mbili na nusu ya pesa iliyotolewa, kwa sababu fundi alipata kazi, mwenye duka akauza, na hata wasiopokea wakafaidika. Bei za bidhaa hazikupanda vya maana. Najua dola 1,000 kwa mpigo si sawa na elfu mbili kwa mwezi. Lakini wale wanaosema maskini akipewa pesa ataiharibu, wanasema kitu ambacho Wakenya wenzao wamekwisha kuonyesha si kweli.

Basi shida iko wapi? Kwangu mimi shida kubwa ni tarehe.

Mpango ulipangwa kulipa kila miezi miwili, elfu nne kwa pamoja. Baadaye tukaahidiwa malipo ya kila mwezi. Lakini kumekuwa na vipindi ambapo wazee wamekaa miezi mingi bila kuona shilingi, halafu malimbikizo yanakuja pamoja na watu wanapiga picha kana kwamba ni zawadi. Rudi kwenye lile daftari la duka. Pesa ikichelewa mwezi mmoja, mwenye duka anavumilia. Ikichelewa mitatu, anafunga daftari. Hapo mzee amepoteza kuaminika, na kuaminika ndiko kulikokuwa kunamlisha. Hata malimbikizo yakija yote kwa mkupuo, hayarudishi zile jioni alizolala na chai tupu, na hayarudishi dawa aliyoiruka. Mshahara wa mbunge hauchelewi miezi minne. Kwa nini wa shosho uchelewe?

Shida ya pili ni kiwango. Elfu mbili imebaki elfu mbili kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 tuliona pakiti ya unga ya kilo mbili ikivuka shilingi 200. Toa nauli ya boda kwenda na kurudi kwa ajenti, toa unga, toa dawa, niambie kinachobaki. Zanzibar walianza pensheni ya wazee wote wa miaka 70 mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Baadaye wakaipandisha hadi 50,000. Kisiwa kimepandisha, sisi wenye uchumi mkubwa zaidi bado tuko pale pale.

Shida ya tatu ni mlango wenyewe. Baada ya usajili wa mwanzo, wazee wengi waliotimiza 70 walikaa miaka wakisubiri, mpaka usajili mpya ulipokuja 2023. Haki yako inaanza siku unapofika umri, haiwezi kungoja serikali ikumbuke kufungua daftari. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazi kwamba mzee ana haki ya kutunzwa na kusaidiwa na familia yake na Serikali. Imesema wote wawili. Kwa hivyo serikali isitusukumie sisi watoto peke yetu, na sisi pia tusijifiche nyuma ya serikali.

Upande wetu, kuna mambo manne ambayo kijana yeyote anaweza kufanya wiki hii.

Moja, angalia kitambulisho cha mzee wako. Wengi waliandikiwa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia, na miaka mitano pungufu kwenye kadi inamnyima miaka mitano ya malipo. Kama kuna kosa, anzeni kulirekebisha sasa, kabla usajili mwingine haujatangazwa.

Mbili, mpeleke kwa naibu wa chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii ya sub-county, uulize kama jina lake limo, na nani ameandikwa kuwa mlezi wake. Mlezi akiwa amefariki au amehama, pesa inaweza kukwama.

Tatu, namba ya siri ni ya mzee na mlezi wake. Si ya jirani, si ya ajenti. Siku ya malipo enda naye, uhesabu mbele yake. Na wewe mwenyewe usimkate "ya soda". Wizi wa mjukuu ni wizi.

Nne, pesa ikichelewa usinung'unike peke yako kwenye status. Andikeni majina ya wazee wa kijiji, mwende pamoja kwa mbunge, kwa sababu hii ni pesa ya serikali ya kitaifa na MCA hana funguo zake. Kila mwaka, kabla ya bajeti ya Juni, kamati ya bajeti ya Bunge huomba maoni ya wananchi. Tupeleke maombi mawili tu: tarehe maalum ya malipo kila mwezi, na kiwango kinachopanda bei ya unga inapopanda.

Wazee wetu hawana hashtag. Hawawezi kutrend. Sauti waliyo nayo kwenye simu ni sisi, na bajeti ijayo haiko mbali.