Chuki na Mpaka Wake

Vijana hutuuliza: Je, Mwislamu aweza kumchukia mtu na asiwe na makosa? Swali hili si dogo, kwani ni mitaa michache isiyokuwa na watu wawili wasiosalimiana.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili. Kitendo kiovu ni wajibu wetu kukichukia. Moyo usiochukizwa na dhulma, uzushi na kumwaga damu ni moyo uliokufa. Lakini mtenda ana mlango wa toba mbele yake, na ufunguo wa mlango huo hatukupewa sisi.

Tutazame kisa cha Wahshi. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), mtumwa huyu alimvizia Sayyidna Hamza, ami yake Mtume (S.A.W.), akamrushia mkuki akamwua, kwa kuwa bwana wake alimwahidi uhuru. Baada ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8 (630) alikimbilia Taif, kisha akaja Madina akasilimu. Mtume aliupokea Uislamu wake wala hakulipiza kisasi. Ila alimwomba, kama aweza, asimwonyeshe uso wake.

Hapa pana mafunzo makubwa. Aliyefiwa hakulazimika kukaa baraza moja na aliyemliza. Uchungu ulikuwapo, lakini haukufanywa hakimu. Damu ya Wahshi ilihifadhiwa, naye akaishi hata zama za Sayyidna Abubakar, akapigana Yamama, na kwa mkuki ule ule akampiga Musaylima aliyedai utume wa uongo.

Katika Sura ya Maida, aya ya 8, tumeamrishwa uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Basi jipime, ewe ndugu. Yule usiyempenda akiwa na haki, waweza kumtolea ushahidi? Akifiwa, waweza kwenda mazikoni kwake? Akisifiwa kwa wema alioutenda, waweza kunyamaza usimtie ila? Ukishindwa na hayo, chuki imekwisha kukutawala, nayo haina udhuru tena.

Nanyi wazazi, angalieni majumbani mwenu. Mara ngapi ugomvi wa mirathi wa ndugu wawili umerithiwa na watoto wasiolijua hata shamba lililogombewa? Mtoto anayeambiwa asicheze na wana wa fulani hurithishwa deni asilolikopa. Mtume ametukataza kumhama ndugu Mwislamu zaidi ya siku tatu. Sisi twahamana miaka, na jeneza likipita ndipo twalia.

Mwenye haki na aidai kwa kadhi au mbele ya wazee. Mwenye kuogopa shari na akae mbali nayo. Lakini salamu asiinyime, wala mtoto asimfunze kuinyima.

Wabillahi tawfiq.