Hiyo Prado kuukuu unayoitamani: bili ya nani unanunua?

Umeiona. Prado nyeusi, namba ya KBK, rimu zinang'aa, na chini ya picha wameandika bei "inaongeleka". Mwenyewe eti ni mama aliyekuwa akiendea kanisani tu. Umepiga hesabu, umeongeza akiba ya Sacco na kitu kidogo kutoka kwa binamu, na manze, unaifikia. Lakini kabla hujampigia huyo broka, kuna swali ambalo tangazo halijibu: mbona gari lenye karibu miaka ishirini bado linauzwa bei ya ploti?

Jibu liko kwa ushuru. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini. Kwa mwaka 2025, hiyo ilimaanisha gari liwe lilisajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Kisha ushuru wa forodha kwa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Ukitaka SUV ya dizeli yenye injini kubwa kuliko sisi 2500, na Prado nyingi za dizeli ziko hapo, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 nyingine. VAT ya asilimia 16 inapanda juu ya hayo yote.

Toa kikokotoo kwa simu. Tuseme KRA imelipa gari lako thamani ya forodha ya shilingi milioni moja. Forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa unahesabiwa juu ya 1,350,000, kwa hivyo ni 472,500. VAT ni 291,600. Jumla 1,114,100, na hapo hatujagusa ada ya reli wala ile ya tamko la uagizaji. Kwa ufupi unajinunulia gari moja na kumlipia Serikali lingine.

Halafu kumbuka shilingi ilivyoanguka hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024. Kufikia 2025 ilikuwa imetulia karibu 129, lakini mimi bado namtafuta muuzaji wa yadi aliyeshusha bei kwa sababu hiyo. Ukimpata, nitumie namba yake.

Matokeo ni kwamba SUV zilizoingia nchini zamani haziendi kupumzika. Zinabadilisha mikono. Hiyo KBK pengine imeshapitia wamiliki wanne, na watu wengi huachilia gari wakati uleule: fundi akishawaambia kuna kazi kubwa inakuja. Mmiliki anapiga hesabu ya giaboksi au hedi ya injini, anaona ni heri alipigishe gari polishi na kulitia mtandaoni. Kwa hivyo kazi yako unapokwenda kuliona ni kuitafuta hiyo bili iliyofichwa, ujue ni ya ngapi, kisha ndio muongee bei.

Anza na karatasi, kwa sababu injini mbovu inaweza kutengenezwa lakini gari la mwenyewe mwingine halitengenezwi. Kwanza, namba pleti haisemi umri. Gari la 2004 lililoingia nchini 2011 lina namba ya 2011. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kitabu cha umiliki, ile logibuku, na usiridhike na picha yake kwa WhatsApp. Ingia eCitizen kwenye huduma za NTSA, lipa ada, ulitafute gari kwa namba yake. Utaona jina la mmiliki, namba ya chasisi na namba ya injini. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo limekaa kando ya jina la mmiliki, hilo gari ni dhamana ya mkopo. Watu wengi wamekopa kwa logibuku, riba ikawashinda, na sasa wanatafuta wa kuwaondolea mzigo. Kuna pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, nayo iko eCitizen. Ipitie pia. Dakika kumi hazitakuua.

Ukifika kwa gari, linganisha. Kwenye Prado za zamani namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu, upande wa kulia karibu na tairi la mbele. Beba tochi na kitambaa, pangusa tope, usome herufi moja moja. Ikiwa pamekwaruzwa, pamechomelewa, au kuna rangi mpya hapo pekee, rudi nyumbani. Usiulize hata sababu.

Namba ya injini ikitofautiana na ya logibuku, hilo ni suala jingine. Injini za mitumba kutoka Japani zinauzwa kila siku Kirinyaga Road, ile Grogan yetu, na kubadilisha injini si kosa. Kosa ni kutoibadilisha kwenye rekodi, maana siku utakayotaka kuuza au kudai bima, hiyo kesi itakuwa yako.

Sasa injini yenyewe. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari likiwa baridi, asiliwashe kabisa. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto na yeye anakuambia "nililipasha tu kidogo, boss", tayari umejua kuna jambo ambalo hakutaka ulione likiwaka asubuhi. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe safi, yasiwe na mafuta yanayoelea. Fungua na mahali pa kumiminia oili: ukikuta kitu cheupe kama maziwa lala, maji yameanza kukutana na oili. Kisha simama nyuma ya gari mtu mwingine aliwashe. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua ndani. Mweusi mzito kwa dizeli, mara nyingi ni injekta.

Kwa Prado hapa ndipo pesa hulala. Zile za lita tatu za dizeli zenye injini ya 1KZ zinajulikana kwa hedi kupasuka zikichemka, na gari la umri huo likiwa limechemka mara moja kule Mai Mahiu likipanda na mzigo, hakuna atakayekuambia. Iliyokuja baadaye, 1KD, shida yake kuu ni injekta. Mihuri yake ikivuja, uchafu unashuka kwenye oili na kuziba chujio la chini, na injini inaweza kufa kwa kukosa oili huku wewe unaimba na redio. Muulize mwenyewe injekta zilibadilishwa lini na risiti iko wapi. Jibu la "ziko sawa tu" halina risiti.

Labda wewe si wa Prado. Una macho kwa Forester yenye turbo, kwa sababu mtaani kila mse anataka ile sauti. Zile zenye injini ya EJ20 zinatumia mkanda wa taimingi, na mkanda huo hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana, na hapo unaanza kutafuta injini. Angalia tairi zote nne pia. Gari linalovuta kwa magurudumu yote linataka tairi zinazolingana. Ukikuta mbili mpya na mbili kipara, endesha polepole mahali pa wazi, kata usukani hadi mwisho na uzunguke. Gari likikwamakwama kama limefungwa breki, mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma umeanza kuchoka. Na kwa X-Trail yenye giaboksi ya CVT, tafuta mlima. Ikipiga kelele nyingi huku haiendi, au ikitetemeka unapoondoka, usidanganywe kwamba inataka oili tu. Inaweza kuwa kweli, lakini basi muuzaji abadilishe hiyo oili kwanza kwa pesa yake.

Halafu ulale chini. Ndiyo, na hiyo shati. Prado imejengwa juu ya fremu, na fremu ndiyo gari. Magari mengine yaliishi sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara humwagwa chumvi, mengine yamekula hewa ya bahari Mombasa kwa miaka kumi. Gonga fremu kwa bisibisi, hasa upande wa nyuma. Kutu ya juujuu si neno. Kutu inayobomoka kama biskuti ni neno. Na rangi nyeusi mbichi huko chini, kwa gari ambalo juu lina mikwaruzo ya miaka, mtu aliipaka kwa sababu.

Ukiwa bado na tochi, inua kapeti. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalimeza magari mengi, na gari lililokaa majini linaweza kukaushwa, kuoshwa viti na kuuzwa. Tafuta tope laini kwenye reli za viti na kutu kwenye bolti zake. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho, unuse. Nyaya za gari kama hilo zitakusumbua polepole, leo dirisha, kesho taa, na fundi wa umeme atakuwa rafiki yako kuliko ulivyotaka.

Kilomita kwenye dashibodi zichukue kama maoni tu. Ikisema 98,000 na gari ni la 2005, tazama raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani, na kiti cha dereva upande anaoshukia. Vitu hivyo havirudishwi nyuma na kompyuta.

Fundi awe wako. Mlipe wewe, aje na wewe, na asiwe amependekezwa na muuzaji wala broka, kwa sababu biashara ikifaulu kuna kamisheni inayozunguka. Kama huna fundi unayemwamini, AA Kenya hukagua magari kwa ada. Shilingi elfu chache zinauma, lakini linganisha na giaboksi.

Kuhusu bajeti, mimi naona theluthi moja ya pesa uliyo nayo isiingie kwenye bei ya gari. Una laki kumi na mbili? Tafuta gari la laki nane. Miezi sita ya kwanza itadai shokabu, bushi, tairi, na kitu ambacho sote hatukukiona. Ongeza mafuta: ushuru wa matengenezo ya barabara pekee ulitoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, na SUV kubwa ya petroli kwenye jamu ya Thika Road haikuonei huruma. Ongeza bima, maana kampuni nyingi huweka kikomo cha umri kwa bima kamili, na gari lako likikivuka unabaki na ile ya kulinda watu wengine tu. Likiibwa, limekwenda. Mwaka 2024 Serikali ilitaka kuongeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Ilitupwa wakati mitaa ilikuwa inachemka, hata kabla ya Mswada mzima kuondolewa. Wazo lenyewe sidhani limezikwa mbali.

Siku ya kulipa, kutaneni mchana, kila mtu na akaunti yake ya eCitizen imefunguka. Muuzaji anaanzisha uhamisho kwa jina lako, wewe unaukubali palepale na kulipa ada. Jina lake lazima liwe lile uliloliona kwenye utafutaji, na pesa ziende kwa akaunti ya jina hilo, si ya shemeji yake wala ya broka. Akikuambia "kiongozi, wewe chukua gari, mambo ya uhamisho tutamaliza wiki ijayo", mpe mkono, mwambie mtaonana hiyo wiki ijayo, na pesa zako zibaki kwa simu yako.