Joto la tanuru: vijana wetu wafunzwe kulipima

Hapa Fungurume malori ya shaba yanapita usiku na mchana kuelekea Likasi na Lubumbashi. Shaba hiyo haiyeyushwi kwa moto: kampuni ya Tenke Fungurume Mining huitoa katika mawe kwa asidi, kisha kwa umeme. Lakini asidi yenyewe inazaliwa motoni, kwa kuchoma salfa katika tanuru lenye joto la digrii 1000 hivi. Na upande wa Kolwezi moto umeongezeka. Lualaba Copper Smelter ilianza kuyeyusha shaba mwaka 2020, na mwishoni mwa 2025 Kamoa-Kakula iliwasha tanuru lililojengwa kutoa tani 500.000 za shaba kwa mwaka.

Swali langu ni moja: nani anajua joto lililomo ndani ya matanuru hayo?

Shaba huyeyuka kwa digrii 1085. Tanuru likipoa, kila kitu kinaganda na kuziba njia. Likizidi moto, matofali ya ndani yanalika, na siku moja shaba iliyoyeyuka inaweza kutoboa ukuta. Ikikutana na maji, ni mlipuko. Anayesimama karibu ni ndugu yetu.

Kipimajoto cha kuchovya hakidumu humo. Kwa hiyo viwanda hutumia pirometa, chombo kinachopima joto kutoka mbali bila kugusa kitu. Kila kitu cha moto hutoa miale. Joto likipanda, miale inaongezeka na rangi inatoka nyekundu kwenda njano hadi nyeupe. Mababu waliotengeneza misalaba ya shaba hapa Katanga walikuwa na macho tu. Pirometa inageuza miale hiyo kuwa namba.

Ila namba hiyo inaweza kudanganya. Kioo cha chombo kikishika vumbi, tanuru linaonekana limepoa kumbe linawaka. Tena shaba safi inayong'aa hutoa miale michache kuliko takataka inayoelea juu yake, hata kama joto ni lile lile. Asiyejua hayo ataamini namba na kuongeza moto pale alipopaswa kuupunguza.

Basi chombo peke yake hakitoshi. Anatakiwa mtu aliyefunzwa. Lakini vijana wengi ninaokutana nao hapa wanaota kuendesha lori au kulinda geti, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kazi nyingine.

Sheria ya madini ya 2018 inadai kila kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji walio jirani na mgodi. Madarasa na visima ni vizuri. Sehemu ya fedha hizo inunue pia pirometa na tanuru dogo la mazoezi kwa shule za ufundi za Fungurume na Kolwezi. Kampuni ziwafungulie wanafunzi vyumba vya kuongozea mitambo. Nao wakaguzi wa serikali wadai daftari: kioo kilisafishwa lini, chombo kilihakikiwa lini?

Mtu atasema kazi hizo ni chache. Ni kweli. Lakini anayeujua moto akiwa mbali ndiye anayemwambia aliye karibu akimbie. Huyo naye atoke kwetu.