Mali ya Nyumbani: Feza ya Kukopa Haijui Kungoja

Kila mwaka katika Haut-Katanga mahindi mapya huingia sokoni kuanzia Aprili mpaka Juni, na bei yake hushuka. Kisha mvua hurudi, ghala hupungua, na katika Januari mama wa nyumba hulalamika kwa ajili ya bei ya unga. Mwenye akili huona nafasi ya faida hapo: kununua wakati wa wingi, kuuza wakati wa uhaba. Ni biashara halali, wala hatumlaumu anayeifanya. Walakini huja siku baba wa nyumba hujisemea moyoni: «Feza yangu ni kidogo. Nikikopa nitanunua mara nne, na faida yangu itakuwa mara nne.» Neno hilo ndilo twataka kulichungua leo, maana ndani yake mna kweli, tena mna mtego.

Basi, tuhesabu pamoja. Tuwatazame baba wawili, majirani. Kila mmoja ana dola 1.000 alizoziweka akiba, na mfuko wa mahindi wauzwa dola 20. Baba wa kwanza hakopi. Ananunua mifuko 50. Baba wa pili anakopa dola 3.000 juu ya zile zake, kwa riba ya 10 kwa 100 mpaka siku ya kulipa. Ananunua mifuko 200. Gharama ya ghala, ya gari na ya wadudu tuiache kwanza, hesabu isije ikatuchosha.

Bei ikipanda hata dola 25, baba wa kwanza anauza kwa dola 1.250, amepata faida ya 250. Baba wa pili anauza kwa dola 5.000, analipa deni na riba, yaani 3.300, na mkononi zabaki 1.700. Faida yake ni 700. Mtaa mzima wamsifu, na jirani yake aonekana mwoga.

Lakini bei ikishuka hata dola 15? Jambo hilo si geni kwetu: malori ya unga kutoka Zambia yakipita kwa wingi katika mpaka wa Kasumbalesa, bei ya Lubumbashi haikawii kulegea. Hapo baba wa kwanza anauza kwa dola 750. Ameumia, walakini robo tatu ya mali yake ingali yake. Baba wa pili anauza kwa dola 3.000, naye anadaiwa 3.300. Akiba yake yote ya 1.000 imekwisha, na juu yake bado ana deni la 300.

Tena bei ikikaa palepale, dola 20, bila kupanda wala kushuka, baba wa kwanza hakupoteza kitu. Wa pili amepoteza 300, kwa sababu riba huenda mbele hata soko likisimama. Ili arudishe tu feza yake mwenyewe, yampasa bei ifike dola 21 na nusu. Hivi ndivyo feza ya kukopa inavyofanya kazi: huzidisha faida, huzidisha na hasara. Mali yaweza kupungua thamani. Deni halipungui pamoja nayo.

Wengine watasema: «Bei ikishuka, nitangoja ipande.» Hapo ndipo palipo kiini cha maneno yetu. Mwenye feza yake aweza kungoja. Aliyekopa ameiuza haki ya kungoja. Siku ya kuuza haichagui yeye. Inachaguliwa na mwenye kumdai. Naye mdai hatazami kama soko ni zuri au baya: atazama tarehe iliyoandikwa katika karatasi.

Jambo hili liliwapata watu wakubwa kuliko sisi. Katika New York, mwaka wa 1929, watu wengi walinunua hisa, ndiyo vipande vya mali ya makampuni, kwa feza ya kukopa. Wako waliotoa 10 tu katika kila 100. Zilizobaki walikopeshwa na madalali wa hisa, na hisa zenyewe zikawa rehani. Mikopo ya namna hiyo ilipita dola milioni elfu 8. Miezi mingi bei zilipanda, na kila mkopaji alijiona mwenye hekima. Kisha siku ya Jumatatu, tarehe 28 Oktoba, kipimo cha Dow Jones, kinachopima bei za hisa za makampuni 30 makubwa, kilianguka karibu 13 kwa 100 kwa siku moja, na kesho yake karibu 12 tena. Hesabuni wenyewe: aliyetoa 10 katika 100, akiba yake yote ilikwisha kabla ya jua la Jumatatu kuchwa. Madalali walidai feza ya kuongeza rehani. Asiyekuwa nayo, hisa zake ziliuzwa papo hapo. Na kule kuuza kwa wingi kulishusha bei tena, hata wengine nao wakadaiwa.

Tazameni sasa mambo ya baadaye. Katikati ya Novemba 1929 kipimo kile kilikuwa 198. Katika Aprili 1930 kilikuwa kimepanda hata 294. Aliyeuziwa hisa zake kwa nguvu katika Oktoba na Novemba alitazama kupanda huko kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yake mwenyewe. Ni kweli, kisha bei zilianguka vibaya zaidi, hata 41 katika Julai 1932, na hata wenye feza yao walipata hasara kubwa sana. Walakini kupoteza mali ni jambo moja. Kupoteza mali na kubaki na deni ni jambo lingine.

Shida ile haikukaa Marekani peke yake. Madeni ya New York hayakuwa sababu pekee, lakini yaliongeza moto katika nyumba iliyokwisha kuwaka. Viwanda vya dunia vilipunguza kazi, shaba ikakosa wanunuzi na bei yake ikaanguka. Union Minière iliwapunguza wafanya kazi wake Waafrika kwa maelfu kati ya 1930 na 1932, na jamaa nyingi zilirudishwa vijijini. Watu hao hawakukopa hata senti moja katika New York.

Wala tusidhani ya kuwa waliokosa mwaka ule walikosa kwa sababu ya ujinga tu. Katika 1998 kampuni moja ya Marekani, Long-Term Capital Management, ilikuwa na wataalamu wawili, Robert Merton na Myron Scholes, waliopewa tuzo la Nobel la uchumi mwaka uliotangulia. Kwa kila dola moja ya kwao, walikuwa wamekopa zaidi ya dola 25. Katika Agosti 1998 Urusi ilishindwa kulipa madeni yake, masoko yakatikisika, na mwezi wa Septemba benki na makampuni ya feza 14 yalilazimika kuingiza karibu dola milioni elfu 3 na 600 ili kuiokoa. Hao waliookoa waliweza kungoja, nao walirudishiwa feza yao. Wenye kampuni hawakuweza kungoja. Karibu mali yao yote iliyokuwamo ilipotea.

Je, twasema mtu asikope kamwe? Hapana. Fundi wa nguo aliye na wateja kuliko nguvu za mikono yake, akikopa ili kununua cherehani ya pili, anakopa kwa kazi aijuayo, na cherehani itamlipia deni kidogo kidogo. Twasema tu ya kuwa anayekopa ili azidishe faida ya bei asiyoweza kuiamuru, afahamu anachokiweka mezani. Marekani yenyewe ilijifunza kwa uchungu: sheria ya 1934 iliipa benki kuu uwezo wa kuweka mpaka, na tangu 1974 anayenunua hisa kwa mkopo wa dalali yampasa kutoa nusu ya bei kwa feza yake.

Nasi tujiwekee mipaka yetu nyumbani. Kwanza, kabla ya kukopa, andikeni hesabu ya bei mbaya, si ya bei njema tu. Kama katika bei mbaya hamwezi kulipa, mkopo huo ni mkubwa mno kwenu. Pili, siku ya kulipa iwe mbali kupita siku ya kuuza, ili mpate nafasi ya kungoja. Tatu, msikope dola ikiwa mapato yenu ni franka. Siku franka ikipoteza nguvu, deni litakua katika usingizi wenu, hata kama biashara yaenda vizuri. Nne, msiweke rehani kiwanja ambacho watoto wanalala juu yake. Faida ya mahindi yaweza kutafutwa tena mwaka ujao. Nyumba ikiuzwa, mwaka ujao mtaingojea wapi?

Tena neno moja kwa baba wa nyumba. Mara nyingi deni la namna hii huingia nyumbani kwa siri. Mke hujua siku ile wadai wanapobisha hodi. Si haki. Atakayepunguza chakula ili deni lilipwe ni yeye, na atakayerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo ni mtoto. Mkae wawili usiku mmoja na daftari na kalamu. Kama huwezi kumweleza mke wako jinsi deni litakavyolipwa bei ikishuka, basi hujajieleza mwenyewe.

Wazee walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Baba wa kwanza katika hesabu yetu atakwenda polepole. Mwaka huu mifuko 50, mwaka ujao labda 60, na mwaka wa bei mbaya atarudi nyuma kidogo. Mtaa hautampigia vigelegele. Lakini bei ikianguka, atafunga mlango wa ghala yake, atarudi nyumbani kula bukari pamoja na watoto wake, na kungoja.